Barua Pepe kwa Jina la Mtu Mwingine, kwa Mzaha Tu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila inapokaribia tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga, maswali haya hurudi: je, naweza kumtumia mwenzangu barua pepe inayoonekana imetoka kwa mtu mwingine, tukacheka, kisha yakaisha? Majibu yafuatayo yameegemea zaidi sheria za Tanzania na Kenya, pamoja na nchi chache ambako Waswahili wengi wanaishi. Ni maelezo ya jumla; mwenye kesi mkononi amwone wakili, na asome sheria ilivyo leo, kwa kuwa hufanyiwa marekebisho.

## Misingi

1. Kubadili jina la mtumaji wa barua pepe ni kufanya nini hasa?

Kuna njia tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kughushi anwani yenyewe, yaani barua inamfikia mpokeaji ikiwa na anwani halisi ya mtu fulani mahali pa mtumaji, ilhali mtu huyo hakuituma wala hana habari nayo. Ya pili ni kufungua akaunti mpya ya bure na kuipa jina la mtu mwingine. Anwani ni ngeni kabisa, lakini programu nyingi za simu huonyesha jina peke yake, na anwani haionekani mpaka mtu aliguse jina hilo. Ya tatu ni kuingia katika akaunti halisi ya mwenyewe, kwa mfano kwenye kompyuta aliyoiacha wazi alipokwenda kunywa chai, na kuandika kutoka humo.

Njia ya pili ndiyo inayotumiwa zaidi kwa mzaha, kwa kuwa haihitaji ujuzi wowote. Ya tatu huonekana ndogo kuliko zote, ingawa ndiyo inayomwongezea mtu kosa jingine kabisa (tazama swali la 8).

2. Kwa nini mfumo wa barua pepe unamruhusu mtu kuandika jina lisilo lake?

Kwa sababu ulijengwa na watu waliojuana. Kanuni inayoziongoza seva, yaani kompyuta za kupokea na kusambaza barua, kupokezana mzigo, inayoitwa SMTP, iliandikwa na Jonathan Postel na kutolewa Agosti 1982 katika waraka wa kiufundi uitwao RFC 821, wakati mtandao ulipokuwa wa vyuo vikuu, maabara na taasisi chache za utafiti. Haikuwa na njia yoyote ya kuhakikisha kwamba anayejitaja ndiye kweli. Hali yake ni ile ya bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika jina na sanduku la posta la mtu yeyote, na karani hatakudai kitambulisho.

Barua pepe moja ina anwani mbili za mtumaji. Moja ni ile ambayo seva huambiana zinapopokezana mzigo, na nyingine imeandikwa ndani ya barua, nayo ndiyo msomaji anayoiona. Hazilazimiki kufanana, na kutofanana huko kuna matumizi halali: shule huajiri kampuni iwatumie wazazi taarifa kwa jina la shule, na katibu muhtasi huandika kwa niaba ya mkurugenzi wake. Tofauti kati ya mambo hayo na mzaha tunaouzungumzia ni idhini ya mwenye jina.

3. Je, ujanja huu bado unafanya kazi siku hizi?

Kughushi anwani halisi kumekuwa kugumu kwa sababu ya kanuni tatu za ukaguzi. SPF humwezesha mwenye kikoa (jina linalofuata alama ya @ katika anwani) kutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, DKIM huweka sahihi ya kidijitali kwenye barua, na DMARC, iliyochapishwa kama RFC 7489 mwezi Machi 2015, huiambia seva inayopokea ifanye nini barua ikishindwa mtihani: iiache ipite, iiweke kwenye barua taka, au iikatae. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wa barua nyingi watimize masharti haya.

Hakuna kati ya hizo inayozuia njia ya pili iliyotajwa katika swali la 1. Akaunti mpya yenye jina la bosi wako hupita mitihani yote, maana seva inathibitisha anwani tu, haithibitishi kwamba aliyeifungua ndiye bosi.

## Sheria inasemaje

4. Je, kutuma barua pepe kwa jina la mtu mwingine kwa mzaha ni kosa la jinai Tanzania?

Linaweza kuwa kosa, na hapa ndipo wengi hushtuka. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015 na inayotumika Tanzania Bara na Zanzibar isipokuwa kifungu kimoja, ina kifungu cha 15 kinachokataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Hakisemi “kwa nia ya kulaghai”, wala “ili kujipatia mali”. Kinakataza kitendo chenyewe.

Linganisha na Kanuni ya Adhabu, sheria ya tangu enzi za ukoloni, ambayo katika kosa la kujifanya mtu mwingine imetanguliza maneno “kwa nia ya kulaghai”. Mtu aliyejitambulisha uongo mlangoni kwa jirani ili wacheke alikuwa na utetezi mkubwa chini ya sheria hiyo ya zamani. Akifanya jambo lile lile kwa barua pepe, sheria mpya haimpi utetezi huo kwa maandishi, na itambidi wakili wake aujenge kwa hoja za jumla za jinai. Kwa maoni yangu kifungu hiki kiliandikwa kwa upana kupita kiasi, kwani kinaweza kumnasa mwanafunzi mcheshi katika wavu uliotegewa matapeli. Lakini maoni hayamsaidii mtu aliye kizimbani.

Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au mara tatu ya manufaa aliyoyapata mkosaji, kwa kufuata kilicho kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Neno la kulitazama ni “isiyopungua”: kiwango hicho ni sakafu.

Kuna vifungu vingine viwili vinavyogusa mzaha wa namna hii. Kifungu cha 20 kinataja waziwazi kughushi taarifa za kichwa cha barua, yaani mistari inayoonyesha imetoka kwa nani na imepita wapi, katika ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba, ila kinadai iwepo nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo. Kifungu cha 23 kinahusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo, nacho kina faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mzaha wa “umefukuzwa kazi” unasogea karibu sana na kifungu hicho.

5. Na Kenya je?

Kenya imeandika kwa tahadhari zaidi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, Na. 5 ya mwaka 2018, katika kifungu cha 29, inamtia hatiani anayetumia sahihi ya kielektroniki, nywila au alama nyingine ya kipekee ya utambulisho wa mtu mwingine, lakini kwa sharti kwamba amefanya hivyo kwa ulaghai au kwa kukosa uaminifu. Faini yake haizidi shilingi laki mbili, na kifungo hakizidi miaka mitatu. Tofauti na Tanzania, hapa viwango ni dari, na hakimu ana nafasi ya kushuka.

Mawakili wawili wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya kifungu hiki. Anwani kamili ya barua pepe ni rahisi kuiita alama ya kipekee ya mtu. Je, jina “Wanjiku” au “Otieno” lililowekwa kwenye akaunti mpya nalo ni alama ya kipekee, wakati Wakenya maelfu wana jina hilo? Anayeghushi anwani yuko katika hatari iliyo wazi. Anayetumia jina tu ana hoja ya kujitetea, ingawa ni hoja ya kuitolea mahakamani, tena kwa gharama yake.

Mzaha ukimtia mtu hofu au kumdhuru, kipo kifungu cha 27 kuhusu usumbufu wa mtandaoni, ambacho adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni ishirini au kifungo cha miaka kumi. Kinamgusa anayejua, au aliyepaswa kujua, athari ya anachofanya. Marekebisho ya Oktoba 2025 yaliigusa sheria hii, na sehemu ya marekebisho hayo ilisimamishwa na Mahakama Kuu mwezi huo huo, kwa hiyo ni muhimu kusoma maandishi yanayotumika wakati wa tukio.

6. “Sikuwa na nia mbaya, ulikuwa utani tu.” Je, huo ni utetezi?

Inategemea sheria gani imetumiwa kukushtaki, kama ilivyoelezwa katika maswali ya 4 na 5. Lakini hata pale ambapo nia ni sehemu ya kosa, mahakama haisomi moyo. Huisoma barua yenyewe, saa iliyotumwa, walioipata, na muda uliopita kabla ya mtumaji kusema ukweli. Aliyetuma saa tatu asubuhi na kufichua saa tatu na nusu ana habari tofauti ya kumweleza hakimu na yule aliyekaa kimya wiki nzima huku mwenzake akihangaika.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya Marekani. Mwanasheria mmoja wa New York, katika ugomvi wa kitaaluma kuhusu hati za kale za Bahari ya Chumvi, alifungua akaunti ya barua pepe kwa jina la profesa aliyempinga, kisha akatuma barua ambamo “profesa” huyo alikiri kuiba kazi ya mwingine. Alijitetea kwamba ile ilikuwa dhihaka na kejeli, haki yake ya kusema. Mwezi Mei 2014 Mahakama ya Rufaa ya New York ilikubaliana naye katika mengi: ilifuta hatia ya wizi wa utambulisho, na ikaitangaza sheria ya usumbufu aliyoshtakiwa nayo kuwa inakwenda kinyume na katiba. Hata hivyo ilidumisha sehemu ya hatia za kujifanya mtu mwingine na za kughushi, ikisema kwamba madhara kwa heshima ya mtu ni madhara kamili. Ilisema pia kwamba kufungua akaunti kwa jina la mtu bila kuitumia hakutoshi kuwa kosa. Dhihaka inalindwa pale msomaji anapoweza kujua kwamba ni dhihaka. Barua iliyotungwa ili iaminike haina pa kujificha.

7. Sikupata hata senti moja. Hilo halinisaidii?

Hupunguza uzito wa jambo machoni pa watu na pengine pa hakimu, lakini halifuti kosa. Fomula ya Tanzania ya “mara tatu ya manufaa” inatoa sifuri kwa asiyepata kitu, na sifuri inapolinganishwa na milioni tano, kikubwa ni milioni tano.

8. Mwenzangu aliacha kompyuta wazi, nikatuma barua ya kuchekesha kutoka akaunti yake. Sikughushi chochote.

Kweli, anwani ni halisi. Ila uliingia mahali usiporuhusiwa. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa linalojitegemea: kifungu cha 4 nchini Tanzania, kifungu cha 14 nchini Kenya. Kutofunga mlango si kukaribisha wageni. Tena barua hiyo itamlemea mwenzako kuliko ya kughushi, kwa kuwa kila uchunguzi wa kiufundi utaonyesha kwamba yeye ndiye aliyeituma.

9. Nikijifanya polisi, benki, mamlaka ya mapato (TRA au KRA) au ofisi nyingine ya umma?

Usifanye. Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa peke yake katika Kanuni za Adhabu za nchi zote mbili, na barua ya benki inayomfanya mpokeaji ataje nywila yake itaitwa wizi wa taarifa hata kama ulikusudia kumrudishia. Kifungu cha 30 cha sheria ya Kenya kinalenga jumbe za aina hiyo. Wananchi wamechoshwa na “ile hela itume kwenye namba hii”. Hakuna askari atakayekubali haraka kwamba yako ilikuwa ya kuchekesha.

10. Mimi niko Uingereza au Marekani. Sheria gani inanihusu?

Kwanza ya huko uliko. England na Wales, kifungu cha 179 cha Sheria ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023, kilichoanza tarehe 31 Januari 2024, kinamtia hatiani anayetuma ujumbe anaojua ni wa uongo akikusudia kumletea mpokeaji madhara ya kiakili au ya kimwili yasiyo madogo, bila sababu ya msingi. Mzaha mwepesi hauingii humo; wa kumtangazia mtu msiba wa uongo unaweza kuingia.

Marekani watu hupenda kuitaja sheria ya CAN-SPAM ya mwaka 2003. Ni kweli inakataza vichwa vya barua vya uongo, lakini imetungwa kwa ajili ya barua za kibiashara, kwa hiyo mzaha wa rafiki kwa rafiki hauihusu sana. Tazama badala yake sheria za majimbo. California, kwa mfano, ina kifungu cha 528.5 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika tangu 1 Januari 2011, dhidi ya kujifanya mtu halisi mtandaoni kwa namna ya kuaminika na kwa lengo la kudhuru, kutisha au kulaghai.

Kama mpokeaji yuko Dar es Salaam au Mombasa, sheria ya huko inaweza kukufuata pia. Barua moja inaweza kuwa na mahakama mbili.

11. Nitajulikanaje, na jina langu halimo?

Kila seva inayopokea barua huandika juu yake mstari wa kuonyesha imeipokea kutoka wapi na saa ngapi, na mistari hiyo haionekani kwenye skrini ya kawaida lakini imo. Akaunti mpya iliombwa namba ya simu, na namba hiyo imesajiliwa. Tanzania husajili laini kwa alama za vidole. Sheria za nchi zote mbili zinawapa wapelelezi njia ya kudai kumbukumbu kwa watoa huduma. Zaidi ya yote, mzaha hujulikana kwa sababu ya mcheshi mwenyewe: ana haja ya kumwambia mtu.

## Maadili

12. Tuseme sheria hainigusi. Kuna ubaya gani watu wakicheka?

Mazungumzo mengi kuhusu jambo hili huhesabu watu wawili, anayetania na anayetaniwa. Wako watatu. Wa tatu ni mwenye jina, ambaye hayupo, hakuulizwa, na ndiye anayebaki na maneno asiyoyasema. Yule aliyetaniwa anaweza kucheka na kusamehe kwa niaba yake mwenyewe. Hawezi kusamehe kwa niaba ya Mama Asha wa idara ya fedha, ambaye jina lake limetumika kumwandikia kijana wa stoo barua ya mapenzi, na ambaye mume wake ataisikia habari hiyo ikiwa imeshatiwa chumvi.

Ndiyo maana idhini inayohitajika kabla ya yote ni ya mwenye jina, na hiyo ndiyo inayosahauliwa karibu kila mara.

Uko pia uharibifu usioonekana siku hiyo. Ofisi iliyotaniwa mara mbili huanza kupiga simu kuthibitisha kila agizo, jambo ambalo ni zuri kwa usalama lakini baya kwa kuaminiana, na siku taarifa ya kweli ya dharura itakapokuja, kuna atakayesema “ni wale wale”.

13. Sisi ni watani. Je, utani hauruhusu?

Utani wetu una sheria zake, na ni kali kuliko watu wanavyodhani. Mnyamwezi na Mzaramo, Mchaga na Mpare, babu na mjukuu, kila mmoja anajua nani ni mtani wake, anajua mipaka, na anajua kwamba kesho zamu ni ya mwenzake. Mtani anaweza kuzuia jeneza msibani mpaka apewe chochote, na hakuna atakayekasirika, kwa sababu amesimama mbele ya watu wote kwa uso wake na jina lake.

Barua pepe ya kujificha inapindua masharti hayo. Anayetania haonekani, anayetaniwa hajui kwamba yuko ndani ya utani, na jina lililobebeshwa lawama ni la mtu ambaye pengine si mtani wa yeyote kati yao. Mkiwa watani kweli, andika kwa jina lako. Maneno yakiwa ya kuchekesha yatachekesha vilevile.

14. Ni mambo gani yasiguswe kabisa?

Kifo, ugonjwa na majibu ya hospitali. Tishio la bomu au shambulio, hata likiwa la kijinga kiasi gani. Kufukuzwa kazi. Matokeo ya mitihani na mikopo ya wanafunzi.

La kuitwa kwenye usaili linastahili maneno zaidi, kwa sababu watu huliona dogo. Kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, anayeishi Mwanza kwa dada yake, akipokea barua ya Ijumaa jioni inayomwita usaili Dodoma Jumatatu asubuhi, hatakaa kuichunguza anwani. Atakopa nauli. Ataazima shati. Atawaambia nyumbani, nao watamwombea dua. Ukimpigia Jumapili usiku kumwambia ni utani, yeye atakuwa yuko ndani ya basi, na deni litabaki palepale. Katika nchi ambako ajira ni ngumu hivi, sioni namna ya kuufanya mzaha huu uwe mwepesi.

15. Mbona wapo waliowatania wakubwa kwa njia hii wakasifiwa?

Anayetajwa zaidi ni James Linton, mbunifu wa tovuti wa Manchester. Mwaka 2017, kwa kutumia akaunti za kawaida zilizopewa majina ya watu wengine, aliwaandikia mkuu wa benki ya Barclays, Jes Staley, akijifanya mwenyekiti wake; Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, Mark Carney, naye kwa jina la mwenyekiti wa benki hiyo; na maofisa wa White House, ikulu ya Marekani, akiwemo Anthony Scaramucci, aliyeamini kwamba anajibizana na Reince Priebus, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa ikulu hiyo. Tom Bossert, mshauri wa usalama wa ndani ambaye usalama wa mtandao ulikuwa sehemu ya kazi yake, alitoa anwani yake binafsi bila hata kuombwa. Carney alifanya lililo bora: mazungumzo yalipoelekea kwenye maneno ya kudhalilisha wanawake, alimkemea “mwenyekiti” wake na kuyakata.

Hoja ya kumtetea Linton ni kwamba aliwalenga wenye nguvu, hakuomba fedha, aliweka mambo hadharani, na alionyesha udhaifu ambao taasisi hizo zilihitaji kuuona. Nadhani hoja hiyo ina uzito. Lakini haimfai anayemtania karani wa mapokezi, na hata kwa Linton yule mtu wa tatu wa swali la 12 bado yupo: Priebus alikuwa ametoka kazini siku chache tu, na maneno yakaandikwa kwa jina lake.

Mzaha wa kale unaopendwa kuliko huo ni wa tarehe 1 Aprili 1984, pale Piet Beertema wa Amsterdam alipoweka kwenye Usenet, jukwaa la zamani la majadiliano ya mtandaoni, tangazo kwa jina la kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Konstantin Chernenko, kwamba nchi yake imejiunga na mtandao kupitia kompyuta iitwayo kremvax. Hiyo haikuwa barua pepe kwa mtu mmoja. Lilikuwa tangazo kwa wote, kwa jina la mkuu wa dola ambaye hangeweza kudhurika, katika siku ambayo kila mtu aliijua. Warusi walipounganishwa kweli mwaka 1990, kompyuta yao moja iliitwa kremvax.

16. Je, kazini ni tofauti?

Ni tofauti kwa sababu ya cheo. Mkuu anayemtania mdogo wake kwa barua ya uongo hatajua kamwe kama kicheko alichokipata ni cha kweli. Upande wa pili, mfanyakazi aliyetumia jina la mkurugenzi anaweza kukutana na nidhamu kabla ya polisi: Kanuni za Utendaji Bora za Tanzania za mwaka 2007 zinataja kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Kama “utani” ule unaingia katika maneno hayo ni jambo ambalo mwajiri ataliamua kwanza, nawe ubishane naye baadaye.

## Mipakani

17. Nikitumia jina la mtu ambaye hayupo, au marehemu?

Jina la kubuni ambalo haliwezi kudhaniwa kuwa la mtu fulani, mfano “Sultani wa Mwezini”, halimfanyi mtu kuwa mtu mwingine, na jina la bandia peke yake si kosa. Yaliyomo ndani ya barua bado yanahesabika. Marehemu ni habari nyingine: Kanuni ya Adhabu inapozungumzia kujifanya mtu mwingine inataja “aliye hai au aliyekufa”, na hata sheria ikinyamaza, wafiwa hawatanyamaza.

18. Kampuni yetu hutuma barua za uongo kutujaribu. Mbona wao wanaruhusiwa?

Kwa sababu mwenye mfumo na mwenye jina wameidhinisha, kwa maandishi, kwa lengo linalojulikana. Idhini hiyo haijibu kila kitu. Desemba 2020 kampuni ya GoDaddy iliwajaribu wafanyakazi wake kwa barua iliyowaahidi bonasi ya sikukuu ya dola 650, katika mwaka wa janga. Wapatao 500 walinasa, na kampuni ikaishia kuomba radhi. Agosti 2024 Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kilituma jaribio lililotangaza mgonjwa wa Ebola chuoni, aliyedaiwa kutoka Afrika Kusini, nacho kikaomba radhi. Yote mawili yaliidhinishwa, na yote mawili yangeweza kuchagua habari nyingine.

19. Aliyetuma ni mtoto.

Kenya, tangu Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto wa chini ya miaka 12 hawajibiki kijinai; Tanzania ni chini ya miaka 10. Juu ya hapo ziko taratibu za mahakama za watoto. Mara nyingi suala humalizwa na shule na wazazi, na ndivyo inavyofaa.

20. Mwenye jina amekubali. Sasa ni sawa?

Umeondoa tatizo kubwa zaidi. Lililobaki ni la mpokeaji, nalo hupimwa kwa swali la 14 na kwa muda: fichua mapema, kabla hajafanya lolote la gharama au la aibu, na kabla hajaisambaza kwa wengine. Idhini ya mwenye jina iwe kwenye maandishi. Kumbukumbu za watu hubadilika mambo yakiharibika.

21. Jina langu limetumika. Nifanye nini?

Omba waliopokea wasiifute barua wala kuisambaza, bali waihifadhi pamoja na kichwa chake kamili, maana picha ya skrini haionyeshi njia iliyopita. Waarifu wanaohusika kwamba hukuandika wewe, kwa njia nyingine isiyo barua pepe. Badilisha nywila yako kama kuna dalili kwamba akaunti yenyewe iliingiliwa. Kisha amua: kumkabili unayemshuku, kumripoti kwa mtoa huduma, au kwenda polisi. Tanzania kipo kitengo cha TZ-CERT chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na Kenya kipo KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo, ambavyo hupokea taarifa za matukio ya mtandaoni.

22. Nimeshatuma, na mambo yamekwenda vibaya. Nifanyeje?

Sema leo, kwa jina lako, kwa kila aliyepokea, ukianza na mwenye jina uliyemsemea. Andika waziwazi kwamba yeye hakuhusika, ili apate kitu cha kuonyesha. Kama kuna aliyepata hasara, nauli au siku ya kazi, mrudishie kabla hajadai. Ikiwa polisi wameshaingia, zungumza na wakili kwanza. Usifute chochote: barua iliyofutwa kwenye akaunti yako bado iko kwa mpokeaji na kwenye seva, na sheria ya Tanzania ina kosa jingine, kifungu cha 22, kwa anayeharibu data kwa nia ya kuzuia upelelezi.